Kabla Hujamtumia Ujumbe



Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za chanjo na uji wa lishe, tuzungumze juu ya simu. Hasa juu ya simu ya yule mama ambaye mume wake anaitumia kumchunga, kumtisha na kumwaibisha. Wengi wetu tunamfahamu mmoja. Yuko jirani, yuko katika kwaya, yuko katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tunamwona anavyopungua mwili na tunatamani kumsaidia. Na kwa kuwa simu iko mkononi, jambo la kwanza tunalofanya ni kumtumia ujumbe wa kumpa pole.

Hapo ndipo ninapoomba usimame kwanza, ujiulize swali moja: ujumbe huu, ni nani mwingine atakayeusoma?

Mama ameumizwa usiku. Asubuhi simu yake inalia: "Pole mpendwa, tumesikia. Usivumilie, nenda polisi, tuko pamoja nawe." Maneno mazuri kabisa. Lakini kama wakati huo simu iko mkononi mwa aliyemuumiza, mtu huyo sasa anajua mambo matatu: kwamba mkewe amesema, kwamba amekwambia wewe, na kwamba anakusudia kwenda polisi. Wewe umeshakwenda shambani na amani moyoni kwamba umetimiza wajibu. Yeye amebaki naye ndani ya nyumba.

MLANGO MMOJA

Huku kwetu Akheri tunaishi kwa kukaribiana. Mwanamke anaolewa katika shamba la ukoo wa mume. Nyumba ya shemeji iko nyuma ya migomba, ya mama mkwe iko ng'ambo ya mfereji, na mtu akikohoa kila mmoja anajua ni nani. Zamani mama mwenye shida alingoja siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, apate wa kumweleza kati ya mafungu ya nyanya na mikungu ya ndizi. Ugomvi ukizidi ulikwenda kwa wazee wa ukoo, na wazee hao ni wa ukoo wa nani? Wa mume. Ndiyo maana simu zilipoenea tulishukuru sana. Mama aliweza kumpigia dada yake aliyeolewa Babati bila mtu wa nyumba kusikia. Aliweza kuweka fedha zake za mbogamboga kwenye M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, badala ya kuzificha chini ya godoro. Mlango ulifunguka. Kisha waume wachache (nasema wachache kwa sababu najua waume wema ni wengi) wakavuta kiti wakaketi mlangoni.

Nitaeleza habari ya mama mmoja, ingawa kwa kweli ni habari za watatu nilizozichanganya na kuzibadilisha, maana ya chumba cha muuguzi hayatoki nje. Simu ya mama huyu ilinunuliwa na mume. Mume ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, akaweka barua pepe yake na neno lake la siri. Laini imeandikishwa kwa jina la mume. Namba ya siri ya M-Pesa mume anaijua, na fedha zikiingia yeye ndiye wa kwanza kuuliza zimetoka kwa nani. Kila jioni simu inawekwa mezani ikaguliwe kabla ya chakula. Ukikutwa ujumbe umefutwa ni kosa. Ukikutwa haujafutwa ni kosa jingine. Akichelewa sokoni anapigiwa kwa video, azungushe simu ionekane yuko wapi na yuko na nani. Siku aliposema amechoka, anarudi kwao, aliambiwa kwamba picha zake za faragha zitatumwa kwenye kundi la wazazi wa shule, na moja itakwenda kwa mchungaji.

Hajawahi kupigwa hata kofi. Alikuja kwa sababu ya presha iliyokataa kushuka na usingizi uliokwisha kabisa. Vidonge alikuwa anakunywa sawasawa.

Akina mama wenzangu, huo ni ukatili. Tumezoea kuhesabu vipigo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Kuhusu mitandao, shirika la Pollicy la Kampala lilitoa mwaka 2020 utafiti uliowahoji wanawake 3,306 wa Uganda, Kenya, Ethiopia, Senegal na Afrika Kusini, na asilimia 28 walisema wamekwisha kufanyiwa ukatili kwa njia ya mtandao. Tanzania haikuwamo, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba jambo hili linazuiwa na mpaka wa Namanga.

HOFU NDIYO KIPIMO

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila semina ya akina mama: "Kama sisi ni mwili mmoja, kwa nini nimfiche mume wangu simu?" Katika nyumba nyingi simu inakaa wazi mezani, mume anapokea ya mke na mke ya mume, na hakuna anayetetemeka. Sina neno na hilo. Kipimo ni hofu. Jiulize: nikisema leo sitaki simu yangu iguswe, nini kitatokea? Kama atanuna kidogo kisha mtacheka, hiyo ni ndoa. Kama huwezi hata kuthubutu kuliwaza swali lenyewe, hilo ni jambo lingine. (Na wale wanaoamka saa nane za usiku kukagua simu ya mume, wajipime kwa kipimo hicho hicho.)

Wako pia wanaoogopa kwamba kumsaidia mama kutunza siri ni kuvunja ndoa ya watu. Hao wasome tena habari za Abigaili katika Samweli wa Kwanza, sura ya 25. Mume wake alikuwa mtu mkali asiyeambilika. Hatari ilipoinyemelea nyumba, Abigaili alipakia chakula juu ya punda akaondoka bila kumwambia. Aliporudi alimkuta amelewa, naye akanyamaza mpaka asubuhi divai ilipomtoka, ndipo akasema. Alichagua wakati wa kusema. Sijasikia mhubiri akimhesabia kosa.

ANAONA KWA NJIA GANI?

Ukitaka kumsaidia mama bila kumuumiza, lazima ujue mume anaona kwa njia zipi. Nyingi ni rahisi kuliko tunavyodhani, wala hazihitaji mtaalamu wa kompyuta.

Iko WhatsApp. Mume akiishika simu ya mkewe kwa dakika moja tu, anaweza kuiunganisha WhatsApp hiyo na simu au kompyuta yake, na tangu hapo kila kinachoingia kwa mke kinaingia kwake pia, hata akiwa kazini Mererani. Ukifungua mipangilio ya WhatsApp na kugusa sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, orodha yake utaiona.

Iko barua pepe iliyofungulia simu. Simu nyingi kubwa hutumia akaunti ya Google, na mwenye neno la siri la akaunti hiyo anaweza kuona kwenye ramani simu iko wapi, akaona na picha zilizohifadhiwa pamoja na namba za watu. Ni mara ngapi tumenunua simu mpya tukamwambia fundi au kijana wa nyumbani atuwekee kila kitu yeye?

Iko laini yenyewe. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na leo kila laini ina jina la mtu. Mwenye jina ndiye mwenye laini. Kama laini ya mke iko kwa jina la mume, akienda kusema imepotea anapewa nyingine; ya mke inazima, na ujumbe wote unakwenda kwake, pamoja na namba za kuthibitisha za benki. Ukipiga *106# unaweza kuangalia usajili wa laini na namba zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Kila mama afanye hivyo leo, hata mwenye mume malaika.

Kitochi nacho kina tundu lake, kwa sababu simu zinazopigwa kwako zinaweza kuelekezwa ziingie kwenye namba nyingine. Ukipiga *#21# utaonyeshwa kama zimeelekezwa. Wako wanaosambaza kwamba namba hiyo inafichua kila aina ya upelelezi. Si kweli, inaonyesha kuelekezwa tu.

Mwisho ziko programu za upelelezi zinazofichwa ndani ya simu. Watu husema dalili zake ni simu kupata moto, chaji kuisha upesi na bando kuyeyuka. Simu yangu mimi inafanya hayo yote kwa sababu ya uzee. Dalili ya kutazama ni hii: mume anajua mambo ambayo hakuna aliyemwambia.

USICHOMOE KISU

Hapa nataka tukae kidogo. Tukigundua jambo kama hilo pamoja na mama wa watu, mikono inatuwasha. Futa! Toa! Badilisha neno la siri sasa hivi! Ngoja.

Katika huduma ya kwanza tunafundishwa kwamba mtu akiwa na kisu kilichokwama mwilini, hukichomoi njiani. Unakizungushia vitambaa kisitikisike, unampeleka hospitali pamoja na kisu chake, kwa maana huenda kisu hicho ndicho kinachozuia damu. Kitachomolewa pale penye daktari na vifaa, na damu ya kuongeza ikiwa tayari.

Simu inayochungwa ni vivyo hivyo. Siku mume anapofungua simu yake akakuta haoni tena kitu, ndiyo siku anapojua kwamba mkewe amefumbuka macho. Wanaohudumia akina mama hawa, hapa kwetu na nchi za mbali, wanakubaliana kwamba mume mkatili huwa hatari zaidi pale anapohisi mke anamponyoka. Kwa hiyo simu hiyo iache kama ilivyo. Iendelee kupokea salamu za kwaya na bei ya maharage. Mipango yote ihamie kwingine. Mambo ya kufuta na kubadilisha yatafanyika siku akiwa tayari yuko mahali salama, na yatafanyika yote kwa pamoja.

Kwingine ni wapi? Ni kwenye simu yako wewe.

Msaada mkubwa unaoweza kumpa ni nusu saa ya simu isiyochungwa. Siku ya kliniki, siku ya mazoezi ya kwaya, siku ya kikundi, mpe yako. Simu yake aiache mahali anapotarajiwa kuwa, kwa mfano kwenye mkoba ndani ya kanisa, kwa maana inasema iko wapi. Kwa simu yako ataongea na dada yake, atauliza ushauri wa sheria, atafungua barua pepe mpya yenye neno la siri lisilo jina la mtoto wala mwaka wa ndoa. Jambo moja aliepuke: asiingie kwenye akaunti zake za zamani kupitia simu yako, kwa sababu taarifa inaweza kumfikia mume kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kifaa kingine.

Kisha mkubaliane alama, na makubaliano yawe kwa mdomo, uso kwa uso, si kwa maandishi. Kule kubipu tulikozoea kwa sababu ya kukosa vocha kunafaa sana hapa. Kubipu mara moja iwe na maana ya "nipigie jioni uniulize habari za kikundi." Mara mbili mfululizo iwe na maana ya "njooni sasa." Atakayekuja ajulikane tangu mwanzo, na aje na sababu ya kawaida, amerudisha sufuria au anauliza mbegu. Kwa mama ambaye hata simu alizopiga zinahesabiwa, kanga fulani juu ya kamba ya nguo inatosha. Kanga haitunzi orodha.

Akiwa safarini kuondoka, na simu anayotumia ni ile salama, WhatsApp inamwezesha kukuonyesha anapopita kwa saa moja au saa nane, halafu inajizima yenyewe. Hilo limewapa amani akina mama waliopanda basi alfajiri na watoto. Nauli usimtumie kwenye simu inayochungwa. Mpe mkononi, au itume kwa mtu atakayempokea. Ujumbe wa M-Pesa unataja jina la aliyetuma, na mume anajua kusoma.

VITISHO NA PICHA

Kitisho cha maandishi kina faida moja, nayo ni kwamba kimeandikwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kupokea ushahidi wa namna hii, na hakimu huangalia ulivyotunzwa. Basi mama asifute. Kukusambazia ujumbe huo kutoka simu yake kunaacha alama, kwa hiyo chukua simu yako upige picha kioo cha simu yake, zionekane namba, tarehe na saa. Picha hizo zisikae pale watoto wako wanapofungua kutafuta katuni. Na chukua daftari la kawaida uandike siku, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwapo. Ujumbe wa sauti uandikwe nao, maana unaweza kupotea. Sisi wauguzi tunajua kwamba kisichoandikwa kwenye faili ni kama hakikutokea.

Kitisho cha picha ndicho kinachowafunga akina mama wengi kuliko kufuli. Mama anaona afadhali avumilie miaka 20 kuliko kanisa zima kumwona. Kwanza, usimwombe akuonyeshe picha hizo ili "ujue uzito wake." Pili, ipo huduma iitwayo StopNCII, iliyoanzishwa Uingereza Desemba 2021, isiyotoza fedha. Inafanya kazi hivi: mama mwenye picha hiyo kwenye simu salama anaichagua, simu inatengeneza alama ya picha, kama alama ya kidole, na alama hiyo peke yake ndiyo inayotumwa. Picha haiondoki kwenye simu. Kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook na Instagram, zikikutana na picha yenye alama hiyo zinaweza kuizuia au kuiondoa. Ni ya watu waliokuwa wamefikisha miaka 18 picha ilipopigwa. Haiwezi kuzuia picha inayotumwa kutoka mtu hadi mtu kwa WhatsApp, na nalisema hili mapema ili mama asijengewe tumaini lisilo na msingi.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Picha ya namna hiyo ikiangukia katika kundi lenu, msimamizi aandike namba iliyoituma, siku na saa, kisha aiondoe mara moja. Kuituma mbele "ili tumwombee" ni kumvua nguo mama huyo mara ya pili, na kusambaza picha chafu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Picha iliyotumwa kumi ikaishia kwa kumi haina nguvu kama ile iliyosafiri mpaka Usa River kabla ya chakula cha mchana. Mume anapotoa kitisho hicho anatutegemea sisi tumalizie kazi.

SHERIA NA MLANGO WA POLISI

Nitapita haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilitamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, na adhabu iliyowekwa ilipopitishwa, kifungu cha 23, ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Inakataza pia kuingia katika kifaa cha mtu kinyume cha sheria. Sijaona mahali palipoandikwa "isipokuwa mume."

Pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo Jeshi la Polisi lilianza kuliweka vituoni mwaka 2008. Sisi wa upande huu tunaliulizia kituo cha Usa River. Kama kuna majeraha, aombe fomu ya PF3, lakini anayevuja damu aje hospitali kwanza, fomu itafuata. Dharura ni namba 112. Kwa jambo linalomgusa mtoto iko namba 116, hailipiwi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nao hawatozi fedha, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anawafahamu walio karibu. Namba hizi zote zipigwe kwa simu yako.

Je, ni lazima aende polisi? Uamuzi ni wake. Yeye ndiye anayejua mume akikasirika huwa anafanya nini, na yeye ndiye atakayelala pale usiku wa leo. Nimewaona akina mama waliosukumwa na ndugu wakaripoti kabla hawajawa na pa kulala, wakarudi nyumbani jioni ile ile. Mweleze njia zilizopo, na akisema "bado," usimkasirikie wala usiache kumjulia hali.

KANISA NALO LINA KAMERA

Hili sikuliona likizungumzwa mahali, nami naona linatuhusu kuliko yote. Siku hizi sharika nyingi zinarusha ibada katika YouTube na Facebook. Akina mama tukivaa sare tunapiga picha, tunaiweka mtandaoni kabla ya kufika nyumbani. Mama aliyekimbia kutoka Dodoma akajificha kwa shangazi yake huku mlimani anaimba safu ya pili, na mume wake amekaa kwake anatazama. Anaona bango la usharika lenye jina, na ibada inaanza saa ngapi anajua.

Mwenye kamera aombwe, bila kuelezwa sababu, asielekeze upande fulani. Au iwe kanuni ya wote kwamba kamera inaonyesha madhabahu na mhubiri tu, ndipo hakuna atakayejiuliza nani anajificha. Kundi la maombi la WhatsApp lenye watu 140 si mahali pa kutaja jina la mama anayeteswa, hata kwa herufi za mwanzo, hata kwa "yule dada wa karibu na mnara." Nani anajua kama shemeji yake yumo? Ujumbe wa sauti ndio mbaya zaidi, maana mtu anaufungua ndani ya daladala ya Tengeru na abiria wote wanasikiliza ombi lako.

Watoto nao. Mama akishahama, yeye anabadilisha simu na laini, laini mpya kwa kitambulisho chake mwenyewe, lakini mtoto amekuja na kishikwambi alichonunuliwa na baba, chenye akaunti ya baba. Kishikwambi hicho kinaweza kumwonyesha baba nyumba mpya ilipo. Kizimwe kabla ya safari na kibaki nyuma, na mtoto aelezwe kwa upole, kadiri ya umri wake, kwa nini hatutumi picha za hapa tulipo. Asifundishwe kumchukia baba yake. Afundishwe tu kwamba picha inaonyesha mengi, mlima, bango la duka, sare ya shule.

Jambo moja limebaki, nalo ni juu ya ukurasa huu unaousoma. Najua utataka kuukunja umpelekee yule mama uliyemfikiria tangu aya ya kwanza, au uupige picha umtumie. Usifanye hivyo. Gazeti likikutwa kwenye mkoba wake, limefunguliwa hapa, mume atasoma alama zote tulizokubaliana. Baki nalo nyumbani kwako. Jumamosi mkienda pamoja sokoni, simu zikiwa ndani ya kapu chini ya mboga, mweleze kwa mdomo yale yanayomfaa, na umuulize yeye anataka mwanze na lipi.